Mwamba Hufungwa kwa Mwezi, Haufungwi kwa Kalenda ya Ofisini

Karibu kila mradi wa hifadhi ya bahari unaoingia kijijini huahidi kuheshimu utamaduni. Siku ya uzinduzi kunapigwa ngoma, kina mama wanavaa kanga za sare, mgeni rasmi anahutubia, basi. Kesho yake yanaanza mambo ya hekta na robo za mwaka. Kwa maoni yangu, mwamba hauhitaji ngoma. Unahitaji hesabu ya maji kujaa na kupwa, majina ya sehemu, na ule ujuzi wa nani ana haki ya kuchokoa pweza mashimoni wapi. Huo ndio utamaduni unaohifadhi bahari, na ndio unaoachwa nje ya mkutano.

Chukua kufunga mwamba wa pweza. Mtindo huu ulivuma baada ya Andavadoaka, Madagascar, kuanza mwaka 2004, na sasa unajulikana vizuri huku kwetu. Kisiwa Panza, Pemba, ni mfano mmoja. Kijiji huacha kuvua sehemu ya mwamba kwa miezi 2 au 3, kisha hufungua. Unafaa kwa sababu pweza hukua upesi: akiwa mdogo, uzito wake unaweza kukaribia kuongezeka maradufu kwa mwezi. Wala haishi sana, mwaka mmoja au na nusu. Jike hutaga mara moja tu, hulinda mayai bila kula, na yakianguliwa naye hufa. Kwa hiyo anayechokoa pweza wa robo kilo amejinyima kilo nzima ya baadaye.

Kosa kubwa liko kwenye tarehe. Mradi unapanga kufunga tarehe 1 Julai na kufungua tarehe 1 Oktoba, kwa kuwa ndivyo ripoti inavyotaka. Hakuna aliyeuliza siku hiyo maji yatakuwaje. Ikiangukia maji mafu, bahari haikupwi ya kutosha, ukingo wa mwamba haufikiki kwa miguu, na wachokoaji, wengi wao wanawake, wanabaki pwani wakitazama. Wenye miwani ya kuzamia na mitumbwi ndio wanaoingia. Wiki moja baadaye, bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa sana, linapofika, pweza wakubwa wameshauzwa. Wanawake walinyimwa mwamba miezi 3, na siku ya mavuno hawakuwepo. Mwaka unaofuata ukiwaambia wafunge, watakucheka, na watakuwa na haki.

Dawa yake kila mzee wa pwani anaijua. Bamvua hufuata mwezi: siku chache kuanzia mwandamo, na tena kuanzia mwezi kumi na tano. Kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani tayari ni jedwali la maji. Ukifunga mwishoni mwa bamvua la mwandamo na kufungua kwenye bamvua la mwandamo wa mwezi wa nne, umehesabu karibu miezi 3, na maji yatakuwa yamekupwa sana. Unguja na Pemba kupwa kwa bamvua huwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, mchana kweupe, mizani inaonekana na wezi wanaonekana. Tena mwezi unakuja na mahitaji yake. Kufungua bamvua la mwisho la Shaaban kunaleta fedha ya futari, na wachokoaji hawajaanza kufunga saumu. Kufungua katikati ya Ramadhani ni kuwatesa watu juani.

Mpaka nao. Mistari ya ramani haionekani ukiwa umesimama majini hadi magotini. Taja sehemu kwa jina lake la kienyeji, na upande wa bahari weka alama za kulenganisha: mnazi fulani ukiwa sambamba na mnara wa msikiti, basi umefika. Maboya yawepo, lakini madumu na kamba huibwa. Alama za nchi kavu haziibwi. Na usifunge mwamba wote. Wakati wa upepo wa kusi, bahari kuu ikichafuka, kitoweo cha maskini hutoka hapo hapo karibu. Ukifunga pote unafunga chungu cha mtu.

Siku ya kufungua ndiyo hufichua ubovu wa maandalizi. Mnunuzi akiwa mmoja, mwenye barafu peke yake, bei huporomoka kabla ya saa sita. Waitwe angalau wawili, bei ikubaliwe jioni iliyotangulia. Wanaokwenda kwa miguu waingie kwanza. Wazamiaji wasubiri siku ya pili. Mitaimbo ipigwe marufuku, maana mtu akivunja jiwe kumpata pweza mmoja, ameua shimo ambalo lingekaliwa na wengine kumi. Chini ya nusu kilo arudishwe. Kanuni za Tanzania bara zinasema hivyo hivyo. Jike aliyejifungia kwa vijiwe mlangoni aachwe. Kila kilo ikatwe fedha kidogo za mafuta ya boti ya doria, na hesabu isomwe hadharani dikoni, pale samaki wanapoteremshwa.

Doria yenyewe huzembea mwanzoni na kuhitajika mwishoni. Wizi mwingi hutokea wiki ya mwisho, usiku, kwa taa, na mara nyingi mwizi ni wa hapo hapo. Wageni wa dago, yaani wavuvi wanaopiga kambi ugenini kwa msimu, ni suala jingine. Kuwafukuza ni kuzusha ugomvi, kwa sababu vijana wenu nao huenda dago kwao. Wapelekewe habari mapema, kwenye madiko wanakotoka, na kwenye khutba ya Ijumaa. Kisiwa cha Misali kimeonyesha njia: wavuvi wa sehemu nyingi za Pemba hukitumia, na jina lake linahusishwa na hadithi ya Nabii Khidhr aliyekifanya msala wa kuswalia. Masheikh waliposimama kueleza amana (kutunza ulichokabidhiwa) na israfu (ubadhirifu), walikuwa wakizungumzia mahali ambapo watu walishapaheshimu tayari. Kibao cha onyo hakina uzito huo.

Mwisho, mwamba uliofunguliwa na kuachwa wazi huvuliwa ukaisha kwa bamvua mbili tatu, faida yote ikapotea. Tarehe ya kufunga tena itangazwe siku hiyo hiyo ya kufungua, mizani ikiwa bado imening'inia na watu wangali wameshika fedha mkononi.