Mvua ya Agosti katika kisa cha mauaji

Mwezi uliopita nilisoma kisa cha mauaji yaliyotokea kweli katika wilaya moja ya mkoa wetu, na mwandishi alikifungua kwa mvua kubwa ya usiku iliyopiga bati hata majirani wasisikie kelele za marehemu. Tarehe aliyoitaja ni ya Agosti. Mkazi yeyote wa Dodoma anajua kwamba mvua zetu huanza kama Desemba na kukatika Aprili, na kwamba Agosti ni mwezi wa upepo na vumbi. Kwa hiyo kabla sijafika aya ya pili nilikuwa najiuliza kama majirani wale kweli hawakusikia, au walisikia wakaogopa kutoka.

Siwapingi wanaosimulia uhalifu kwa mbinu za riwaya. Habari fupi ya gazeti humwacha marehemu bila sura, lakini msimulizi anayeijua kazi yake humrudishia shamba lake la zabibu, deni lake la dukani na watu waliomsubiri kwa chakula cha jioni. Truman Capote alifanya hivyo katika In Cold Blood, kitabu kilichotoka mwaka 1966 kuhusu watu wanne wa familia moja waliouawa Kansas, Marekani, mwaka 1959. Alihoji watu kwa miaka, akadai kwamba kila alichoandika ni kweli. Hata hivyo, ilikuja kubainika kwamba tukio la mwisho, pale mpelelezi anapozungumza makaburini na rafiki wa binti aliyeuawa, alilitunga. Kwangu hilo ni kosa kubwa, kwa sababu msomaji aliyeahidiwa ukweli hana namna ya kujua ulipoishia.

Kwetu hatari kubwa zaidi imo ndani ya alama za kunukuu. Shahidi mzee katika kesi ya mauaji ya zamani alisema kwa Kigogo, lugha ya Wagogo wa huku Dodoma, mkalimani akageuza kwa Kiswahili, na jaji akaandika kwa Kiingereza, kwani Kiswahili kilikuja kufanywa lugha ya mahakama baadaye, kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2021. Mwandishi wa leo huyarudisha maneno hayo katika Kiswahili na kuyanukuu kana kwamba alikuwapo. Niliwahi kushika mwenendo wa shauri wa namna hiyo, yaani kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani, karatasi zimepigwa chapa na kingo zimeliwa, ambamo bibi mmoja alikuwa na sentensi moja tu: aliwasikia mbwa wakibweka, akadhani ni fisi. Katika simulizi iliyotokana na jalada lile, sentensi hiyo ilikuwa imezaa nusu ukurasa wa machozi na sala, yote ndani ya alama za kunukuu.

Mwandishi na awe huru kuanzia katikati ya mkasa, na amtembeze msomaji vumbini hadi mlangoni, mradi vumbi hilo amelikanyaga mwenyewe au amesimuliwa na aliyelikanyaga. Akifika kwenye mawazo ya mtu ambaye hakumhoji, asimame, au aseme wazi kwamba anakisia. Ndugu za watu hawa bado wapo, na wanasoma. Mjukuu wa yule bibi, baada ya kuisoma ile nusu ukurasa kwenye simu yake, aliniuliza kama kweli bibi yake alisali kwa Kiswahili usiku ule, maana nyumbani, maisha yake yote, alisali kwa Kigogo.