Dawa ya damu haimezwi kwa kahawa

Mjamzito anatoka kliniki na bahasha ya vidonge vya kuongeza damu. Juu imeandikwa 1x1, yaani kimoja mara moja kwa siku, basi. Asubuhi anakimeza kidonge kwa kilichopo mezani: kahawa, au chai ya rangi. Kwangu mimi hilo ni kosa la aliyempa dawa, wala si lake.

Watu husema kahawa inakausha damu. Haikaushi. Viambata vyake huyashika madini ya chuma tumboni kabla mwili haujayafyonza, yakaishia chooni. Chai ndiyo kali zaidi. Katika utafiti mmoja wa 1983, kahawa iliyonywewa pamoja na mlo ilipunguza ufyonzaji wa chuma kwa asilimia 39, chai kwa 64. Kahawa iliyonywewa saa moja baada ya kula ilizuia vilevile; iliyotangulia mlo kwa saa moja haikuzuia kitu. Na chuma kinachoathirika hasa ni cha maharage na mchicha, cha nyama kidogo tu. Kwa hiyo anayeumia zaidi ni yule ambaye nyama huiona sikukuu, na ndiye huyohuyo anayetegemea kidonge. Inaniuma sana.

Dawa nyingine nazo zina yake. Anayetumia sipro, dawa ya kuua bakteria, kwa maambukizi ya njia ya mkojo, kafeini ya kahawa humkalia mwilini muda mrefu kuliko kawaida: moyo unamwenda mbio, usingizi unakata, naye anadhani dawa imemkataa, anaiacha katikati. Levothairoksini, dawa ya tezi ya shingo, humezwa kwa maji kabla ya kula chochote, kahawa ingoje angalau nusu saa. Hata kupima presha, ukitoka kunywa kahawa sasa hivi kipimo kinaweza kupanda.

Sisemi watu waache kahawa. Wazee wanaokaa barazani alasiri, Unguja au Mombasa, na kahawa chungu kwa kashata, wanainywa mbali na chakula cha mchana, na kwa upande wa damu huo ni wakati mzuri.

Ninachotaka ni swali moja pale dirisha la dawa: "Mama, utameza kwa kinywaji gani?" Kisha aelezwe kwa Kiswahili chepesi, na iandikwe kwenye bahasha chini ya ile 1x1: meza kwa maji au maji ya chungwa, chai na kahawa baada ya saa mbili. Kalamu mtoa dawa anayo tayari mkononi.