Unene: ukoo au mdomo?

Mtu akinenepa, Unguja hata Pemba, hukumu huwa mbili: ama "ndio mwili wa kwao", ama "hajizuwii mdomo". Wanaoshika ukoo wana hoja nzito. Tafiti za mapacha zinaonesha kuwa kiasi cha asilimia 40 hadi 70 ya tofauti za unene baina ya watu hutokana na urithi. Jeni, yaani maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya seli, ziko nyingi; ile ya PPARG ndiyo inayoamrisha seli changa ziwe seli za mafuta. Badiliko dogo kwenye jeni ya FTO, iliyohusishwa na unene mwaka 2007, huziamsha jeni jirani, IRX3 na IRX5, na seli hizo zikaelekea kuweka akiba badala ya kuunguza nishati iwe joto.

Lakini jeni nyingi za unene hufanya kazi kwenye njaa. Seli za mafuta hutoa leptini, homoni iliyogunduliwa 1994, inayouarifu ubongo kuwa akiba ipo. Tumbo hutoa grelini, inayopanda kabla ya kula na kushuka baadaye. Aliyerithi badiliko la FTO kwa baba na kwa mama, grelini yake haishuki vizuri hata akishakula. Kumwita mlafi ni kumdhulumu.

Hata hivyo, urithi huo wa pande mbili huongeza wastani wa kilo 3 tu, na kwa mtu mzima anayeushughulisha mwili athari yake hupungua kwa zaidi ya robo. Tena jeni hazigeuki ndani ya kizazi kimoja. Kilichogeuka ni chipsi, soda na kukaa kitako. Vikombe 4 vya chai kwa siku, vijiko 3 kila kimoja, ni karibu gramu 50 za sukari, na sukari ya majimaji haishibishi.

Kwa hiyo ishughulikieni njaa yenyewe. Wakati wa kufuturu, anzeni na tende 3 na maji, kisha samaki na choroko. Mbatata na mihogo ya nazi ifuate baada ya dakika 20 hivi, maana habari ya shibe huchelewa kufika. Msikeshe mpaka daku: siku mbili za kulala kwa muda wa saa 4 tu zinatosha kupandisha grelini na kushusha leptini.

Mtoto asiyeshiba kabisa na anayenenepa kwa kasi kabla ya miaka 5 apelekwe hospitali. Huenda ana hitilafu ya MC4R, jeni inayohusika na shibe ubongoni, au, kwa nadra sana, hana leptini. Huyo wa pili sindano za leptini humsaidia mno. Mnene wa kawaida hazimfai, kwani leptini anayo tele, ubongo ndio hauisikii.