"Ice Ice Baby": mdundo wa kuazima na deni lake

Mstari wa besi wa "Under Pressure" hauna makuu: noti sita za sauti moja, ya saba inashuka, kisha kimya kidogo. Bendi ya Queen na mwimbaji David Bowie waliutoa wimbo huo mwaka 1981. Miaka tisa baadaye rapa wa Marekani, Vanilla Ice, aliubeba mstari huo, akaghani "Ice Ice Baby" juu yake, na Novemba 1990 ukawa wimbo wa kwanza wa hip-hop kushika namba moja kwenye Billboard Hot 100, chati kuu ya nyimbo Marekani. Wenye besi yao hawakutajwa.

Alipobanwa, alijitetea mbele ya kamera kwamba wake una noti moja ya ziada, akaiga besi zote mbili kwa mdomo ili watu wasikie tofauti. Noti hiyo ipo kweli, lakini haimtoi mtu kwenye deni. Baadaye alisema alikuwa anatania. Mwishowe akalipa, na Queen na Bowie wakaingizwa kwenye orodha ya watunzi. Santuri hiyohiyo ilikuwa na "Play That Funky Music", iliyojengwa juu ya wimbo wa bendi ya Wild Cherry, na mtunzi wake naye ilibidi adai. Mara mbili kwenye santuri moja? Hayo ni mazoea.

Hata hivyo, wanaotetea kusampo, yaani kuchukua kipande cha wimbo wa mwingine na kukitumia kwenye wako, wana hoja nzito. Hip-hop ilizaliwa Bronx, mtaa wa New York, madijei wakirudiarudia vipande vya santuri za watu ili vijana wacheze. Desemba 1991 mahakama ya New York ilipompa ushindi mwimbaji Gilbert O'Sullivan dhidi ya rapa Biz Markie, aliyesampo wimbo wake bila ruhusa, mwenye wimbo alipata haki yake, ila ruhusa ikawa ghali na wasanii wadogo wakaachwa nje.

Dar es Salaam nako, mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1990, Saleh Jabir aliughani "Ice Ice Baby" kwa Kiswahili, na wengi wanaosimulia chimbuko la Bongo Fleva hawamruki. Mkopo juu ya mkopo! Angeambiwa aombe ruhusa kwanza, angempigia simu nani? Mimi simweki kapu moja na Vanilla Ice. Mistari ya Kiswahili ilikuwa yake, na msikilizaji alijua fika biti imetoka wapi. Mwenzake alikuwa na lebo na albamu iliyouza mamilioni, halafu akakana.

Msanii wa leo hana kichaka hicho cha kujifichia. Akipandisha wimbo YouTube, mfumo unaweza kuitambua sampuli, na mwenye haki akaamua wimbo ubaki hewani huku mapato yakienda kwake. Ni afadhali kuliko kufutiwa wimbo. Ila mapato yote yakichukuliwa, hata sehemu ya mistari aliyoitunga mwenyewe, hapo na mimi nitakuwa upande wa aliyesampo.