Namba 77, sijui 45

Hivi nani aliwaambia watu wa keneli, yaani ule moyo wa mfumo wa Linux unaoendesha kompyuta, kwamba kuhesabu kuanzia moja ni dhambi? Siku ya pili leo niko hapa Tabata, feni limekufa, naandika draiva, yaani programu ya kuiwezesha keneli kuongea na kifaa, ya kasensa kamoja tu, kale kakifaa ka kupimia vitu, kenyewe kazi yake ni kutuma interapti, yaani kumgonga prosesa begani "oya, kuna data huku", basi. Kanagonga wee, draiva imekaa kimya kama konda ukimdai chenji.

Kumbe tatizo namba. Kitabu cha chip kimeandika 77, na mimi kwa akili zangu za shule nikaandika 77 kwenye faili linaloielezea bodi. Weee! Kwenye hizi chip za ARM, 0 mpaka 31 zina wenyewe: 0 mpaka 15 prosesa zinaitana zenyewe kwa zenyewe, 16 mpaka 31 ni mambo binafsi ya kila prosesa, vifaa vya nje vinaanzia 32 na kwenye lile faili hiyo 32 ndo inaitwa sifuri. Kwahiyo 77 inaandikwa 45. Mi nilivyoandika 77 keneli ikaenda kusubiri kwenye mlango wa 109 ambako hakai mtu. Afu kuna vitabu vingine vimeshaitoa hiyo 32 kabisa na havikwambii, ukitoa tena umekwisha. Na ukimaliza yote hayo Linux inakupa namba yake nyingine kabisaaa, tena ndogo, kama foleni ya hospitali.

Nikamlalamikia Mama Zai wa chapati maana ndo mtu pekee aliyekuwa karibu. Akageuza chapati, akasema, "Si kama saa tu baba. Simu inaandika kumi, wewe unasema saa nne. Unatoa sita. Hapo kigumu nini?"

Nikakaa kimya. Miaka mitatu chuo.

"Na sifuri je?" nikamuuliza kwa hasira. Maana kwenye PC ya 1981 interapti namba 0 ni taima, kitu cha maana kabisa, kibodi ndo 1, ila Torvalds, yule aliyeianzisha Linux, yeye alishasema kwenye Linux sifuri maana yake hamna interapti.

"Simu si inaandika sifuri sifuri usiku? Ushawahi kusikia mtu anasema saa sifuri?"

Aisee.

Nikarudi kwenye laptopu kwa adabu. Na hapo bado nilikuwa na aibu nyingine: keneli ikikosa interapti inarudisha namba hasi, mfano -6, mimi nimeiweka kwenye boksi lisilojua hasi, ikawa 4294967290. Halafu chini yake nimeandika "kama ni ndogo kuliko sifuri, simama". Itasimama lini sasa? Mtu ana bilioni nne!

Nikasema jamani, madeni yangu nayo yangehifadhiwa hivi si ningehamia Masaki. Nikamuuliza Mama Zai, lile daftari la madeni, ile buku mbili yangu ya jana kaiandika na alama ya kutoa?

"Alama sina," akasema, mkono kashaunyoosha. "Wewe toa tu."