Jero ya kupeleka bakuli kwa bibi

Hapa kwetu Pasua, Moshi, nilifanya kosa ambalo bado linaniuma. Mwanangu ana miaka 6, kila nikipika mtori nilikua namtuma apeleke bakuli kwa bibi jirani anayeishi peke yake. Siku moja akagoma anataka mpira, nikamwambia peleka nitakupa jero, yani shilingi mia tano. Akatoka mbio. Toka siku hiyo nikimtuma anauliza "mama jero iko wapi", na siku niliyokosa chenji hakwenda, bakuli likapoa mezani.

Wapo wazazi wanaotetea zawadi na siwabezi. Wanasema mtoto haelewi habari za utu, anaelewa pipi, basi mwanzishe na pipi mkono uzoee kutoa, moyo utafata baadae. Tena wanauliza mbona sisi wakubwa tuna daftari la michango ya harusi, fulani alinichangia elfu 50 na mimi nampelekea elfu 50, sasa mtoto atoe bure kwa kumuiga nani? Hilo la daftari lilininyima usingizi kwa kweli.

Ila hili la kuanza na pipi silikubali. Mwaka 2008 watafiti Warneken na Tomasello walitoa majibu ya jaribio lao kwa watoto wa miezi 20 hivi, yani umri ambao hata kuongea vizuri bado, mtu anadondosha kitu mtoto anamuokotea. Wale waliokua wanapewa kitu cha kuchezea kila wakisaidia, zawadi ilipokata wakasaidia kidogo kuliko waliosifiwa tu au ambao hawakupewa chochote. Kumbe kutoa kulikuwepo tayari, na jero yangu ndio ikaja kuharibu.

Sasa kuna mtu atasema mbona bibi mwenyewe harudishi bakuli tupu, lazima atie parachichi au ndizi mbivu, hayo si malipo? Mimi naona hapana, maana hakuna aliyeahidi. Marekani mwaka 1973 mtafiti Lepper na wenzake walipima watoto wanaopenda kuchora, walioahidiwa cheti kabla ndio hamu ilishuka baadae, waliopewa kwa kushtukizwa haikushuka. Parachichi la bibi linakuja lenyewe, siku nyingine haliji, na mtoto hakwenda kwa ajili yake.

Daftari la harusi nalo ni kusaidiana kwa zamu, halina ubaya, ila mtoto akiona sisi tunatoa pale tu panapoandikwa jina atajifunza hivyohivyo, kwahiyo inabidi atuone pia tunatoa pasipo na daftari.

Jero nimeacha. Wiki mbili za kwanza alinuna sana, nikawa nabeba bakuli mwenyewe nimemshika mkono tunaenda wote, bibi anamuuliza habari za mpira wanacheka. Sasa anaenda mwenyewe, siku nyingine kwa kununa, na simlipi.