Mario Pani na lawama za Tlatelolco

Septemba 19, 1985 tetemeko la ardhi liliangusha sehemu mbili kati ya tatu za jengo la Nuevo León, katika mtaa wa Tlatelolco, Mexico City. Mamia ya watu walikufa. Lawama zilianza kumwandama Mario Pani, msanifu aliyeuchora mtaa mzima, na hazijaisha.

Wanaomkingia kifua wana hoja. Wakazi wa Nuevo León walikuwa wamelalamikia msingi wa jengo lao muda mrefu, wakaishia kupigwa danadana. Isitoshe, mji wenyewe umekaa juu ya tope la ziwa la kale. Ghorofa ndefu pale haiachwi bila ukaguzi.

Wanaitaja pia kazi yake ya 1949, makazi ya Miguel Alemán. Serikali ilitaka nyumba 200 hivi za watumishi wake. Pani akaishawishi ikubali fleti 1,080 kwenye kiwanja hichohicho, na sehemu kubwa ya ardhi ikabaki wazi kwa bustani, maduka na bwawa la kuogelea. Kubana gharama, lifti hazisimami kila ghorofa. Unashukia kwenye korido, unaifuata hadi mlangoni, halafu ndani mwako kuna ngazi za kupanda au kushuka. Mwenye magoti mabovu ana lake la kusema, lakini majengo yale yalilihimili tetemeko la 1985.

Tatizo ni kwamba makazi yake mengine, ya Juárez ya 1952, hayakupona hivyo. Na Tlatelolco, iliyofunguliwa 1964, ilikuwa jambo jingine kabisa kwa ukubwa: majengo 102, karibu fleti 12,000, zote zikimtegemea mwenye nyumba mmoja, serikali, kwa pampu, lifti na misingi.

(Wapo wanaombebesha hata damu ya wanafunzi waliopigwa risasi na askari katika uwanja wa mtaa huo Oktoba 2, 1968. Huko ni kumwonea. Aliyechora uwanja siye aliyetuma askari.)

Kwa vifo vya Nuevo León, mimi naanza na wakubwa waliopuuza malalamiko. Ila baada ya tetemeko, majengo kadhaa ya Tlatelolco yalibomolewa, na mengine yakapunguzwa ghorofa za juu ili yawe salama. Kama uzembe wa matunzo ndio ungekuwa kosa pekee, kukarabati kungetosha. Urefu ule juu ya tope lile ulikuwa uamuzi wa Pani.